Siku tano za kemia ya maji Mwanza: mhadhiri aliyepima ziwa mwenyewe (uzoefu wangu)

Kozi ni ya siku 5, inaendeshwa na mhadhiri wa kemia ya uchanganuzi wa chuo kikuu kimoja hapa Mwanza. Walengwa ni mafundi maabara, watu wa mamlaka za maji, wapima ubora wa samaki na walimu wa kemia wa sekondari. Nililipa shilingi 300,000. Kemikali zimo, chakula unajitegemea.

Wasifu wake kwenye tangazo haukuwa na cha kushangaza: shahada ya kwanza, uzamili, uzamivu kuhusu zebaki kwenye tope na samaki wa ziwa, miaka kadhaa ya kufundisha uchanganuzi, na orodha ya makala. Wasifu wa namna hiyo wanao wengi. Thamani yake niliiona siku ya kwanza tu, kwenye ugumu wa maji, yaani wingi wa kalsiamu na magnesiamu ndani yake.

Vitabu vingi vinakuambia chukua mililita 50 za sampuli, weka bafa (myeyuko unaoshikilia pH isibadilike) ya pH 10, tia kiashirio cha Eriochrome Black T, kisha dondosha EDTA (kemikali inayoikamata kalsiamu na magnesiamu) ya 0.01 M mpaka rangi ya zambarau nyekundu igeuke bluu safi. Kwa maji ya kisima utaratibu huo hauna shida. Maji ya Ziwa Victoria ni laini mno: mililita 50 zinamaliza chini ya mililita 2 za EDTA. Bureti (mrija wenye alama wa kudondoshea) ukiikosea kwa mililita 0.05 tu, tayari umekosea asilimia 3 au 4 kabla hujahesabu makosa mengine. Yeye alitupa mililita 250 za sampuli, bafa ikaongezwa kwa uwiano uleule, na kila kundi likafanya pia mililita 250 za maji yaliyokenekwa kama sampuli tupu. Unatoa tokeo la sampuli tupu kwanza, halafu unazidisha kwa 4 kupata miligramu za kalsiamu kaboneti kwa lita. Waliosahau kutoa sampuli tupu walipata majibu makubwa kuliko wenzao waliochota ndoo moja nao.

Mengine aliyoyasema humo humo: kiashirio kisitunzwe kikiwa kimiminika, kinaharibika, changanya gramu 0.5 na gramu 100 za chumvi safi, saga, uwe unachota kidogo kwa ncha ya kijiko. Bafa ya amonia ikikaa wazi kwenye joto letu inapoteza amonia, pH inashuka, na rangi ya mwisho inakuwa ya kuburuta, huelewi imefika au bado. Na taitresheni, yaani huo udondoshaji wa EDTA, imalizike ndani ya dakika 5 tangu kuweka bafa, maana kwenye pH hiyo kalsiamu inaweza kuanza kuganda na kujitenga.

Kuna jambo la joto na mwinuko ambalo wakufunzi wengi hulipita. Chupa ya ujazo imeandikwa 20 °C. Maabara ya Mwanza saa nane mchana iko kwenye 27 °C, na lita moja ya maji iliyopimwa hapo ina upungufu wa kama gramu 1.6. Kwa kazi ya kawaida siyo neno. Kwa myeyuko sanifu utakaotumika mwezi mzima ni neno. Pia tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari: maji yanachemka kwenye 96 °C hivi, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini ni pungufu.

Hiyo oksijeni ndiyo iliyobeba siku ya pili yote, na kwangu ndiyo iliyolipa ada. Tulichota sampuli mahali pawili: mdomo wa Mto Mirongo unaopita mjini, na upande wa Capri Point mbali kidogo na ukingo. Njia ni ya Winkler, ya kupima oksijeni iliyoyeyuka kwa kudondosha kemikali. Chupa ya mililita 300 inajazwa kwa mpira ulioshuka mpaka chini, maji yaachwe yafurike. Kiputo chochote cha hewa kinaharibu kazi kwa sababu hewa ya nje ina oksijeni nyingi kuliko hayo maji. Pipeti inazama chini ya uso wa maji: mililita 1 ya manganisi salfeti, kisha mililita 1 ya mchanganyiko wa alkali, ayodidi na azidi. Funga bila kuacha povu, pindua mara kumi na tano hivi, acha mashapo yashuke nusu, pindua tena. Mashapo ya kahawia maana yake oksijeni ipo. Yakibaki meupe, haipo au imebaki chembe. Chupa za Mirongo zilitoka nyeupe zenye kivuli cha kahawia, hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Baada ya hapo mililita 1 ya asidi ya salfuriki kali, mashapo yanayeyuka, rangi inakuwa ya chai. Chukua mililita 201, siyo 200, kwa kuwa dawa mbili za mwanzo zilisukuma nje mililita 2 za sampuli. Ukitumia thiosalfeti ya 0.025 M, kila mililita 1 iliyotumika ni miligramu 1 ya oksijeni kwa lita. Wanga unawekwa rangi ikishapauka kama majani makavu. Ukiuweka mapema unashikana na ayodini na bluu inagoma kuondoka. Chupa zilizokwisha kutiwa asidi zisikae juani, ayodini inaruka.

Kisha akatupa jedwali la usawa wa bahari makusudi, tuhesabu asilimia. Kwenye 25 °C jedwali linasema maji yaliyoshiba yana miligramu 8.3 kwa lita. Kwa shinikizo la hewa la Mwanza ni kama 7.2. Mtu anayepima 7.2 na kutumia jedwali la pwani ataandika asilimia 87 na kulaumu uchafuzi, kumbe maji yameshiba. Upande mwingine, penye mwani mwingi jua la alasiri linapandisha asilimia kupita 100, usiku inaporomoka. Ripoti isiyoandika saa ya kuchota haina maana.

Floridi ilipewa nusu siku, na nusu siku inatosha kama elektrodi ni nzima. Sampuli na TISAB (bafa maalumu ya kupimia floridi) nusu kwa nusu, vyombo vya plastiki, sanifu kuanzia hafifu kwenda kali, na mteremko uwe kati ya milivolti 54 na 60 kwa kila kiwango cha floridi kinapoongezeka mara kumi. Chini ya pH 5 floridi inajificha kama HF (floridi iliyoungana na hidrojeni), elektrodi haiioni. Alumini na chuma navyo vinaikamata, ndiyo maana TISAB ina CDTA, kemikali inayozishika metali hizo.

Zebaki, fani yake hasa, tuliisikia zaidi kuliko kuigusa. Taa ya mashine ilikuwa imekufa na hatukuambiwa kabla ya kulipa. Hili lilinikera. Hata hivyo somo la meza lilikuwa na jambo moja zito: kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo kwenye minofu ya sangara ni kwa uzito wa nyama mbichi. Minofu ina maji karibu asilimia 80. Ukikausha sampuli kisha ukasahau kurudisha hesabu, samaki mwenye 0.1 anaonekana kugonga kikomo. Na usitunze sampuli za zebaki kwenye chupa za plastiki ya kawaida, mvuke wake unapita ukutani. Tumia kioo au tefloni, na tia asidi ya nitriki.

Upungufu mwingine: watu 6 kwa bureti moja ni wengi, wawili wanafanya na wanne wanapiga picha. Kijitabu ni cha Kiingereza ingawa anafundisha kwa Kiswahili, na ukurasa wa hesabu za kiwango cha chini cha ugunduzi (kiasi kidogo kabisa ambacho kipimo kinaweza kukitambua) umechapwa vibaya mpaka mfano hausomeki. Ubaoni alisema vizuri: pima sampuli tupu mara 7, tafuta mchepuko sanifu, zidisha kwa 3.

Kwa mwalimu wa sekondari, siku ya kwanza na ya pili zinatosha. Muulize kama anapokea malipo ya siku hizo tu. Kwa fundi wa kiwanda cha samaki, piga simu kwanza uulize kama taa ya zebaki imebadilishwa. Beba kikokotoo chako, na viatu vya kufunika vidole, maana wenye sandozi walirudishwa mlangoni.