Nilikuwa nashinda, arifa ya zamu haikufika, nikaandikiwa nimeshindwa

Nimejizuia siku kadhaa nisiandike nikiwa na hasira. Hasira haijaondoka, basi naandika nayo.

Nacheza sataranji ya masafa kwenye tovuti moja ya kulipia. Ni ile ya polepole: ukishasogeza kete yako, mwenzako ana siku 3 za kujibu, kisha zamu inarudi kwako. Mtu kama mimi, ninayefungua kibanda cha nafaka soko la Kibuye hapa Kisumu alfajiri na kurudi Nyalenda giza limeshaingia, hana nafasi ya mchezo wa dakika tano tano. Huu wa masafa ndio unaonifaa, na nimeupenda kweli. Lakini umesimama juu ya nguzo moja tu: uambiwe kwamba zamu yako imefika. Usipoambiwa, hakuna mchezo.

Mpinzani wangu ni mwalimu aliyenionyesha sataranji nikiwa kidato cha pili. Sasa amestaafu, yuko kwake upande wa Kakamega, na miguu haimruhusu kusafiri. Mchezo wetu ulichukua miezi. Miezi! Alinibana katikati hadi nikakosa usingizi, nikajinasua pole pole, mwishowe nikabaki na ngome na askari wawili, yeye farasi na askari mmoja. Askari wangu wa pembeni alibakiza hatua mbili awe malkia. Tangu nimjue Mwalimu sijawahi kumshinda hata mara moja.

Nikacheza usiku, nikalala. Kesho yake kimya. Nikasema Mwalimu anawaza, mwache awaze, ni haki yake. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu usiku, nafunga mahesabu ya duka, simu ikalia: umepoteza mchezo kwa kuishiwa na muda.

Kumbe Mwalimu alikuwa amenijibu usiku uleule niliocheza. Saa yangu ilikuwa inakimbia siku zote tatu nami sina habari. Na kinachonichoma hadi leo ni hiki: arifa ya kuniambia nicheze ilishindwa kufika kwa siku tatu, lakini ya kuniambia nimeshindwa ilifika papo hapo.

Alfajiri iliyofuata zikamiminika. Arifa za zamu za mchezo huu na mingine, kwenye simu na kwenye barua pepe, zote za siku zilizopita, kama maji yaliyofunguliwa lango. Kwa hiyo hazikupotea. Zilikuwa zimekwama kwao.

Nikawaandikia kwa adabu. Nikaeleza kila kitu, nikaweka na picha za skrini. Jibu lilikuwa mistari miwili: nikague simu yangu, na nifahamu kwamba mtandao wa intaneti katika nchi yangu huenda si wa kutegemewa.

Nchi yangu! Mtandao ulioleta ujumbe wa kushindwa ni upi, kama si huuhuu wa Kisumu? Najua simu nyingi za Android huzima programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa betri. Nililijua hilo tangu mwanzo na kizuizi nilikwisha kukiondoa. Na barua pepe je? Ningekubali kuambiwa “tumekosea” nikanyamaza. Kuambiwa shida ni mahali ninapoishi, na mtu ambaye hakufungua hata picha nilizomtumia, siwezi kulimeza.

Siku chache baadaye wakabandika tangazo kwenye ukurasa wao: seva zimeelemewa, kwa hiyo wamepunguza kasi ya kutuma arifa za zamu ili kuzipa nafuu. Aliyenijibu hakurudi kuniomba radhi.

Nilimpigia binamu yangu aliye Nakuru, anayesimamia kompyuta za sacco moja, nikamuuliza kama jambo hilo lina maana. Akaniambia nifikirie mashine ya kusaga unga. Watu wameacha mahindi yao, wamekaa kivulini wakisubiri kuitwa. Mwenye mashine akiita majina, watu wanatulia naye anasaga. Akiacha kuita kwa sababu eti kazi ni nyingi, kila mtu anainuka kila baada ya dakika mbili kwenda kuuliza, “Wangu tayari?” Sasa anajibu maswali, hasagi tena. Ndivyo ilivyo kwa tovuti. Arifa ni ujumbe mdogo sana. Mchezaji asiyeletewa arifa hufungua ukurasa, akaufunga, akaufungua tena, na kila mara seva inatafuta michezo yake yote na kumchorea upya. Wamekata kile kilichokuwa kinawapunguzia mzigo. Tangu hapo hata mimi nafungua ukurasa mara kumi na tano kwa siku, na nina hakika siko peke yangu. Ifikapo saa tatu usiku kwetu, wakati Ulaya nao wametoka kazini na New York ni mchana, ukurasa haufunguki kabisa.

Sikatai kwamba seva huzidiwa. Januari 2023 sataranji ilipovuma duniani, hata tovuti iliyo kubwa kuliko zote ilipita watu milioni 10 kwa siku moja na ikakiri waziwazi kwamba mitambo yake imelemewa. Hilo naweza kulivumilia. Nisichovumilia ni saa. Kama arifa imekwama kwenu, saa yangu isimame!

Na hili si jambo jipya. Mwalimu ameniambia kwamba enzi za kucheza kwa postikadi, siku zako zilianza kuhesabiwa kadi ilipokufikia. Siku za njiani hazikuwa zako, hukutozwa uzembe wa posta. Shirikisho la kimataifa la sataranji ya masafa, ICCF, lipo tangu 1951, na watu walicheza hivyo miaka na miaka kabla halijaanza kutumia seva mwaka 2004. Waliokuwa wakisubiri mfuko wa barua waliheshimiwa kuliko mimi ninayelipia.

Nilitaka kutoa nyota moja. Halafu nikakumbuka miaka miwili ya kucheza na watu wa Poland, Brazili na Ufilipino nikiwa nimekaa kati ya magunia ya maharagwe. Ubao wao ni mzuri, uchambuzi wao umenifundisha mengi, na ndiyo tovuti iliyonikutanisha tena na Mwalimu. Nikaandika tatu. Nikairudia ile mistari miwili kuhusu nchi yangu. Nimerudi kwenye moja, na uanachama ukiisha silipii tena. Labda warudishe arifa na wasimamishe saa zinapokwama, hapo nitafikiria. Ila yule mtu wa majibu aombe radhi kwanza.

Mwalimu alinipigia mwenyewe. “Mwanangu, ushindi huu siutaki,” akasema. “Sikukulea hivyo.” Tovuti haina njia ya kufufua mchezo uliofungwa, alama zangu zimeshuka na zitabaki hapo. Lakini yeye alikuwa ameshazipanga kete zote mezani kwake kama zilivyokuwa, akaniamuru nami nizipange.

Sasa tunaendelea kwa ujumbe wa simu wa kawaida. Leo asubuhi nimekaa ndani ya matatu Kondele, bado inajaza abiria, simu ikatetemeka: “Mfalme f6. Zamu yako.”