Chupa ya mwani unaowaka usiku, nimekaa nayo mwezi sasa

Niliagiza onlaini huku Marekani, dola 30, chupa ya maji ya bahari yenye mwani wa seli moja moja unaitwa Pyrocystis fusiformis. Seli yenyewe inakaribia milimita moja so ukiinua chupa kwenye taa unaviona vichembe vinaelea, kama chenga za mchele kwa udogo. Imekaa njiani siku tano ndani ya boksi. Jioni ile nikatikisa, kimya. Kesho yake mchana nikajifungia bafuni taa nimezima nikatikisa tena, hamna kitu, nikajua hapa nishapigwa.

Kumbe hawa viumbe wana saa yao humo ndani ya seli! Mchana kazi yao ni kujitengenezea chakula kwa mwanga, kloroplasti (vile vijisehemu vya kijani vinavyonasa mwanga) zinatanda pembeni na vile vifuko vinavyowaka vinajikusanya katikati, ikifika usiku vinapishana, vifuko vinatoka pembeni. Yani hata uwafungie gizani saa saba mchana, wao wanajua ni mchana na hawawaki. Wataalamu wa California waliona mambo haya tangu miaka ya 1950 kwa mwani mwingine, ule wenyewe kila kukicha unavunja kimeng'enya chake cha kuwaka halafu jioni unakitengeneza upya, mimi hilo limenishangaza sana.

Sasa muuzaji kwenye karatasi kaandika "weka penye mwanga" basi, saa hakuzitaja kabisa, na hapo ndo namlaumu maana nilibaki kidogo tu niwamwage.

Nikawawashia taa masaa 12, giza masaa 12, jua kali hapana maana linawaua. Siku ya nne saa tatu usiku mwanangu kagonga chupa kwa kidole, pale pale alipogonga pakawaka bluu kisha ikatawanyika chupa nzima. Nimekulia Pemba, usiku ukichovya kasia baharini maji yanawaka hivyo hivyo, machozi yalinilengalenga jamani.

Ukitikisa sana wanachoka, waache mpaka kesho usiku. Na kama watoto wanalala mapema geuza ratiba, taa iwake usiku izime mchana, wape siku kadhaa watahamia saa mpya.

Nyota nne kati ya tano. Mwani wenyewe ungepata zote, nyota moja nimekata kwa ajili ya ile karatasi.