Tamasha la muziki na maafa hapa Dodoma: muheme ulifanya kazi, meza kuu ilitupotezea muda

Nauza gesi ya kupikia Majengo, kwa hiyo tamasha hili nililiangalia kwa jicho la biashara, mtanivumilia. Walilitangaza kwa gari la spika mtaa kwa mtaa: muziki, ngoma, nyama choma na elimu ya kujiandaa na majanga. Kiingilio elfu tatu kwa mkubwa, mtoto bure. Wenzangu sokoni walisema hiyo ni semina iliyovalishwa shela. Hawakukosea sana. Ila kuna kipande cha jioni ile ambacho ningelipia hata elfu kumi bila kunung'unika.

Nianze na ubaya, niumalize. Ratiba ilisema saa nane mchana. Saa nane jukwaa lipo, spika zipo, wapiga ngoma wamekaa kwenye kivuli cha gari lao, mgeni rasmi hayupo, na bila yeye hakuna aliyeruhusiwa kugusa hata njuga. Upepo wa Juni wa Dodoma mnaujua. Uwanja ule hauna nyasi, basi tulikula vumbi mpaka saa kumi kasoro. Alipofika zikafuata hotuba. Wa kwanza akazingatia itifaki, wa pili naye akaizingatia tena, na wa tatu hakutaka kuonekana hana adabu. Nilichookota humo ni kwamba tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na kwamba kamati za maafa zinatakiwa ziwepo kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Safi kabisa. Lakini hakuna aliyetuambia kamati ya mtaa inakaa wapi na nani anagongewa mlango saa nane usiku. Mama mmoja nyuma yangu aliuliza kwa sauti, akaambiwa maswali yatakuwa mwishoni. Mwisho huo sikuuona.

Kisha wakaingia akina mama wa muheme, na tamasha ndipo likaanza.

Kwa msiowahi kuuona: muheme ni ngoma ya Wagogo ambayo wapigaji wake ni wanawake. Wanasimama kwa safu, kila mmoja amebana ngoma katikati ya mapaja, na kiongozi ana ngoma kubwa anayoamrisha nayo wenzake. MC akatusalimu "Mbukwenyi!", uwanja ukaitika, na hapo hapo kiongozi akaingiza wimbo mpya. Kibwagizo chake kilikuwa namba tupu. Moja-moja-nne, moto umeshika. Moja-moja-mbili, mwite polisi. Moja-moja-tano, mama na kichanga. Namba hizo ni za kweli, mnazijua au mnatakiwa kuzijua: 114 zimamoto na uokoaji, 112 polisi, 115 usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Zimeandikwa kwenye mabango tangu zamani na hakuna anayezikumbuka. Lakini "moja-moja-nne" inakaa kwenye pigo la muheme kana kwamba ilitungiwa humo. Baada ya raundi chache watoto waliokuwa wanakimbizana nyuma ya mabanda walikuwa wanaiimba bila hata kuangalia jukwaani.

Lililonifurahisha kuliko yote halikuwa kwenye ratiba. Pembeni ya jukwaa palikuwa na turubai na sanamu ya plastiki ya kiwiliwili cha mtu, na mkufunzi wa huduma ya kwanza aliyevaa fulana ya Msalaba Mwekundu. Alikuwa anafundisha kumbonyeza kifua mtu ambaye moyo umesimama. Katikati ya kifua, mikono imenyooka, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Watu wakawa wanajaribu kwa zamu. Wengine walikimbia mno, wengine walibonyeza kwa aibu. Mkufunzi alikuwa anahesabu kwa mdomo mpaka sauti ikamkauka. Bibi mmoja wa muheme, ngoma yake bado mapajani, akamsogelea akaanza kumpigia. Pigo la kwanza lilikuwa la kasi mno. Mkufunzi akamwonyesha kwa kiganja, bibi akapunguza, akasikiliza, akapunguza tena kidogo, na akalishikilia hapo hapo bila kuyumba.

Sanamu ile ina kidude ndani kinacholia "tik" ukibonyeza kwa kina kinachotakiwa. Kijana wa bodaboda akapiga magoti. Mara ya kwanza ngoma inasema, sanamu kimya. "Nyoosha mikono, mjukuu wangu, usimwonee huruma!" bibi akamwambia, na ngoma haikusimama. Kijana akanyoosha viwiko, akasogeza mabega juu ya mikono, na tik zikaanza kutoka pamoja na ngoma. Watu wakapanga foleni. Ilikuwa ndefu kuliko ya nyama choma, na mimi ninayeandika haya nilipanga pia.

Kipimo changu kwa nyimbo za siku ile kilitoka hapo. Wimbo wa kujiandaa unatakiwa uuambie mkono cha kufanya. Nyingi hazikuwa hivyo. Kwaya moja iliimba vizuri sana kuhusu Igandu, ile ajali ya treni ya tarehe 24 Juni 2002 hapa hapa mkoani kwetu: treni ya abiria ilishindwa mlima, ikarudi nyuma kwa kasi, ikagongana na ya mizigo, watu 281 wakafa. Sauti za kwaya ile si za kubeza, na wapo waliofuta machozi, maana katika mji huu wapo waliozika ndugu zao wa Igandu. Hata hivyo ni ombolezo, na lilikwisha likiwa ombolezo. Abiria afanye nini behewa likianza kurudi nyuma, wanakijiji wanaofika kwanza wafanye nini, hakuna mstari hata mmoja.

Vijana wa singeli, ambao wazee wa meza kuu walikuwa wanawakunjia uso, walifanya kinyume chake. Wao walichukua lori la mafuta lililoanguka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, likalipuka watu wakichota petroli na kuua zaidi ya mia moja. Hawakulia. Walitukimbiza. "Lori limelala! Ndoo tupa! Upepo unatoka wapi? Kimbia upande unakotoka!" Na uwanja mzima ukageuka kukimbilia upepo unakotoka, vumbi juu, vicheko, viatu vimepotea. Kila lori la mafuta linalotoka Dar kwenda Singida na Mwanza linapita hapa kwetu. Huo ndio wimbo ningeutaka kila stendi.

Mzee wa zeze yeye alikuja na jambo lililonishangaza kwa namna nyingine. Mkoa huu ndio uliomtoa Hukwe Zawose, aliyezisikilizisha dunia zeze na marimba za Kigogo mpaka alipofariki mwaka 2003, kwa hiyo mpiga zeze hapa hasamehewi nyuzi zilizolegea. Za huyu hazikulegea. Aliimba juu ya Mtunya, njaa iliyoikumba Ugogo kwenye 1918 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikagoma. Nilidhani ni historia tu, mpaka akafika mahali anamwita mkulima kwa jina la utani na kumkataza kupakia mtama wote kwenye lori mara tu baada ya kuvuna. Juni ndiyo wakati wenyewe: ghala zimejaa, madalali wanazunguka, ada za shule zinadai. Sikutegemea wimbo wa zeze uwe na taarifa ya soko ndani yake.

Kuhusu mafuriko, Juni haikuwasaidia. Kijana wa mashairi alijitahidi kutueleza kwamba mji wenye mvua za msimu mmoja, zisizofika milimita 600 kwa mwaka, unaweza kusombwa. Ardhi imekauka, mvua ya saa moja haizami, inakwenda korongoni, na korongoni watu wamejenga. Ni kweli tupu. Desemba 2009 kuingia Januari 2010 maji yalikata reli upande wa Kilosa na Gulwe na treni zikasimama kwa miezi. Na Hanang, jirani zetu, Desemba 3, 2023 mlima ulishusha tope na mawe mpaka Katesh. Lakini mwambie mtu habari za korongo akiwa amejifunga kitenge usoni kuzuia vumbi, anakuona unaota. Somo hilo liletwe Novemba, mawingu yakianza kujikusanya na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikiwa imeshatoa utabiri wa msimu.

Sasa nije kwenye gesi, ambako sina uvumilivu.

Kijana aliyevaa ovaroli alionyesha namna ya kuzima mtungi unaowaka. Mtungi wenyewe ulikuwa wa kilo 15, mpya, una regyuleta na mpira mrefu, moto unatoka mwisho wa mpira. Akalowesha blanketi, akalishika kama ngao, akalitandika juu ya moto, akafunga valvu, makofi. Vizuri. Sasa twende nyumbani kwa wateja wangu. Wengi wao wana mtungi wa kilo 6 ambao jiko lake linafungwa juu ya mtungi wenyewe. Hakuna mpira. Kitufe cha kufungia kiko chini tu ya moto, kiganja kimoja kutoka kwenye sufuria. Ukishika moto kwenye shingo, mkono unapita wapi? Ukiwa na sufuria ya mafuta ya kukaangia juu yake, unaanza na nini? Hilo ndilo swali la Chang'ombe na Nkuhungu, na halikuulizwa. Kwa mafuta yaliyoshika moto jibu ni mfuniko, maji hapana kabisa, maana yanayarusha mafuta yakiwa yanawaka. Kitambaa kilicholowa kinamlinda anayekwenda kufunga. Na kama moto umeshapanda ukutani, toa watu, piga ile moja-moja-nne ya akina mama wa muheme.

Hata uvujaji ambao haujawaka waliugusa juu juu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, inajaa uvunguni mwa kitanda cha aliyepanga chumba kimoja anacholala na kupikia. Kwa hiyo mlango ufunguliwe, swichi isiguswe wala kuwashwa wala kuzimwa, mtungi utolewe nje. Kujua panapovuja ni povu la sabuni, wala si kiberiti. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mimi kama muuzaji sikatai. Mitungi inaingia kwenye nyumba ambazo jana zilikuwa na mkaa, na mkaa hauvuji.

Halafu, jamani, mabanda ya chakula. Wauza chipsi walikuwa wamepanga mitungi yao nyuma ya jukwaa, hatua chache kutoka kwenye jenereta, na nyaya za spika zinapita katikati. Nilimwendea dada mmoja taratibu nikamwambia, "Dada, huu usogeze, mimi nauza hii bidhaa." Akausogeza, akanishukuru, na wenzake wakafuata. Geti la kutokea lilikuwa moja, nalo limezibwa nusu na gari la msanii mkubwa. Huyo msanii wa kutoka Dar alipanda usiku, akaimba nyimbo zake tunazozijua, akauliza "Dodoma mpo?" mara zisizohesabika, akashuka. Neno maafa hakulitamka. Vijana walimpenda, sina ugomvi. Chipsi zilikuwa za moto, nyama ngumu, zabibu za kwetu ziliuzwa kwa bei ya mgeni, vyoo vichache.

Kwa hesabu ya duka, tamasha limeleta faida isiyo ya fedha. Tangu wiki ile wateja wanauliza maswali ambayo zamani niliwalazimisha kuyasikiliza. Mama ntilie wa jirani aliniletea mpira wake wenye nyufa na kutaka mwingine. Zamani angeufunga kwa utepe. Mwanafunzi aliyetumwa mtungi alikataa kuondoka mpaka nimpake povu la sabuni kwenye shingo ya mtungi mbele yake, na alipoona hakuna kinachochemka akaondoka akiimba moja-moja-nne. Yule kijana wa bodaboda wa kwenye sanamu anaegesha karibu na duka langu. Kila abiria wake anaonyeshwa viwiko vinavyokaa.

Kwa hiyo nendeni likirudi, ila msifike kabla ya saa kumi. Kaeni upande wa turubai la huduma ya kwanza, siyo mbele ya meza kuu, na bebeni kitenge au skafu ya vumbi. Waandaaji, hotuba zisogezeni mwisho, akina mama waanze. Na yule wa ovaroli mwambieni nina mitungi miwili ya kilo 6 yenye majiko ya juu, mmoja una gesi, mwingine mtupu. Nitawaazima bure. Nipo Majengo, anayetaka aulize wauza mkaa, wananijua kwa sababu wananichukia.