Kisu cha Kichina jikoni: geuza utazame mgongo kabla ya kulipa

Hapa Moshi visu vile vipana vya Kichina vinauzwa kwa sifa moja: "Mama, hiki kinavunja hata mfupa wa ng'ombe." Kwa baadhi ni kweli. Cha kwangu ukikijaribu kwenye mbavu za mbuzi, makali yatameguka.

Viko hasa vya namna mbili na kwa mbali vinafanana. Kuna kizito cha kukatia mifupa, na kuna chembamba, caidao, cha mboga, samaki wa minofu na nyama isiyo na mfupa. Usidanganywe na upana. Kigeuze, tazama mgongo. Ukiwa mnene na bapa lote nene hadi karibu na makali, hicho ni cha bucha. Cha kupikia nyumbani mgongo wake ni milimita 2 hivi, kisha bapa linazidi kukonda kushuka chini. Changu kina urefu wa sentimita 20 bila mpini, kimo sentimita 9, uzito gramu 300 na ushee.

Kilichonifanya nikipende ni kabichi. Kwa kuwa bapa ni refu kwenda juu, vifundo vya vidole vinaliegemea muda wote na makali yanabaki chini, mbali na ncha za vidole. Kabichi zima linakatika nyuzinyuzi kabla mafuta hayajapata moto. Ukimaliza, unazoa vyote kwa bapa hilohilo na kumwaga kwenye sufuria. Kitunguu saumu unakilaza, unakigonga kwa ubavu wa kisu, ganda linaachia. Nyama ya sambusa naisaga nacho ubaoni. Mashine ya kusagia sijaigusa siku nyingi.

Ila kishike vizuri: kidole gumba na cha shahada vibane bapa lenyewe, mbele ya mpini. Ukishika mpini peke yake mkono unachoka, halafu utasema kisu kibaya.

Kumenya hakiwezi. Ndizi mshare za mtori bado namenya kwa kisu kidogo, na viazi pia.

Kuhusu chuma, vipo vinavyoshika kutu na visivyoshika. Vya kutu vinanoleka upesi na vina makali matamu, lakini utomvu wa ndizi na maji ya limau vinaviacha vyeusi, na lazima uvikaushe papo hapo. Nyumbani kwangu vyombo vinalala kwenye beseni, kwa hiyo nilichagua kisichoshika kutu bila kufikiri mara mbili.

Fundi wa kunoa anayepita na baiskeli simpi. Jiwe lake linazunguka kavu, chuma chembamba hivi kinapata moto na kupoteza ugumu, na makali hayadumu tena. Natumia jiwe la kunolea la kulowesha maji, la namba 1000 (namba ya ulaini wa jiwe), nimekilaza kisu nyuzi 15 hivi kila upande.

Lawama yangu ni mpini. Ni wa mbao, mviringo, na mkono ukiwa na mafuta unateleza. Pia kinataka ubao mpana na mzito. Vile vya plastiki vyepesi vinakimbia mezani, labda uweke kitambaa kibichi chini yake.

Mifupa ya supu naomba ikatwe kulekule buchani.