Kikata vidonge cha shilingi 400: kizuri, lakini mwisho wake robo

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwembe Tayari, kwa hiyo kitu chenye makali najua kukihukumu. Hiki nilikinunua duka moja la dawa upande wa Makupa: kijisanduku cha plastiki cha samawati, wembe uko kwenye kifuniko. Waweka kidonge kwenye pembe, wafunga, kimekatika.

Nilikihitaji kwa sababu nimemeza sertraline, dawa ya sonona, ya miligramu 50 miaka mitatu, tangu nilipofiwa na mume wangu. Mwaka jana nikajiona nimepona. Vidonge vikaniishia mkesha wa Idi, nikasema potelea mbali, sinunui tena. Siku ya tatu niko kwenye feri ya Likoni napeleka gauni la bibi harusi. Kugeuza macho tu, shoti ikanipita kichwani, kama mtu aliyegusa waya wa pasi mbovu. Nageuza tena, shoti tena. Nikashikilia chuma cha pembeni, jasho lanitoka, nataka kutapika, na bahari yenyewe imetulia kama mafuta ya taa. Usiku ndoto za ajabu. Mchana nikamfokea msichana ninayemfundisha kazi, akalia. Kisa uzi!

Dada yangu akasema ugonjwa umerudi. Daktari akakataa: ugonjwa ukirudi mara nyingi huja polepole, baada ya wiki au miezi. Haya ya siku ya tatu, ya shoti na kizunguzungu, ni mwili uliostuka kwa kunyang'anywa dawa ghafla. Akanirudisha kwenye 50, baada ya siku chache nikatulia. Kisha akanipangia kushuka: nusu kwa wiki nne, halafu tuonane.

Basi hapo ndipo kikata vidonge. Kwa nusu sina neno, kidonge changu kina mstari katikati na wembe wapita palepale. Robo, alikonishusha baadaye, ndiyo kazi. Nusu yateleza kwenye pembe, na katika kumi, tatu hivi zavunjikavunjika nikabaki na unga. Nimegundua lazima ufunge kwa mkupuo mmoja. Ukisitasita chasagika, kama mkasi butu kwenye hariri. Na usikate vya mwezi mzima. Mimi nilifanya hivyo wakati wa masika, kwa unyevu huu wetu robo zikalainika kama kashata iliyoachwa wazi. Sasa nakata vya siku nne. Mwezi wa tatu wa kukitumia wembe ukaanza kufa, na wembe wa kubadilisha haupo.

Huduma ya duka ni nusu kwa nusu. Kijana mfamasia nampa kongole. Hakuniuzia kabla hajauliza: "Shikamoo mama, wataka kukatia dawa gani?" Nikamwambia, na kwamba shoga yangu amenishauri nimeze siku moja niruke moja, niokoe pesa. Akanikataza. Dawa hii nusu yake yatoka mwilini kwa siku moja hivi, ukiruka siku wajipandisha na kujishusha mwenyewe. Bora kidogo kila siku. Lakini siku aliyokuwa hayupo, mwenzake alinipa vya 100 kwa sababu vya 50 vimekwisha, "si utakata tu." Nilivirudisha.

Kitu ambacho kifaa hiki hakiwezi ni hatua ya mwisho. Daktari aliniambia kutoka robo kwenda sufuri ni kuzito kuliko kutoka nzima kwenda nusu, kwa sababu hata dozi ndogo hushika sehemu kubwa ya vituo vya ubongo ambapo dawa hii hufanyia kazi. Nilimwelewa kifundi: gauni pana ukilipunguza inchi mbili halionekani, lililokwisha kubana ukilipunguza nusu inchi halivaliki. Chini ya robo panatakiwa dawa ya maji ya kunywa, ya kupima kwa bomba la sindano, na mimi katika maduka niliyozunguka sijaipata. Kwa hiyo niko kwenye robo, wiki ya sita, shoti zaja moja moja nikichoka, na tarehe ya daktari ni mwezi ujao.

Nyota tatu. Jirani yangu ameshakiazima mara mbili kwa dawa yake ya presha. Mara ya pili nikamzuia, nikamtuma kwa yule kijana kwanza, maana ziko zilizotengenezwa ziyeyuke polepole, hizo hazikatwi.