Duka la babu yake Nell kwa rangi za maji: uzoefu wangu na picha niliyoiagiza

Nilimwagiza mchoraji mmoja anayeuza kazi zake mtandaoni anichoree lile duka la vitu vya kale ambamo Nell aliishi na babu yake katika riwaya ya Charles Dickens, The Old Curiosity Shop, iliyotoka kwa sehemu za kila wiki mwaka 1840 na 1841. Picha ina miezi minne ukutani kwangu, na sasa naona naweza kuieleza kwa haki.

Rasimu ya kwanza haikunifaa. Mchoraji alikuwa amenakili jengo dogo la Portsmouth Street, London, ambalo watalii hulipiga picha kwa sababu ya jina la riwaya lililoandikwa ukutani. Jina hilo liliandikwa baada ya riwaya kupata umaarufu, na Dickens mwenyewe anaeleza mwishoni mwa kitabu kwamba nyumba ya babu ilikwisha kubomolewa na barabara pana ikapita mahali pake. Kwa hiyo duka hilo halipo popote ila katika maneno. Nilimwomba aweke kando picha za mtaani, asome sura ya kwanza, kisha achore ndani ya duka, usiku, kama msimulizi alivyolikuta. Alikubali bila kuongeza bei, na hilo namshukuru hadi leo.

Kazi iliyokuja ina sentimita 30 kwa 40, juu ya karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Deraya za chuma zimesimama gizani kama mizimu, na chini yake kuna silaha zenye kutu na vinyago vya mbao na pembe. Mwanga wa mshumaa haukupakwa rangi hata tone: ni weupe wa karatasi yenyewe, ulioachwa wazi tangu mwanzo, ukazungushiwa manjano hafifu ambayo, ikiwa bado mbichi, imeingia polepole ndani ya kahawia. Pembeni, buluu na kahawia zimeachana zikatuama katika vishimo vya karatasi, na ukisogea karibu utadhani ni vumbi la miaka mingi. Jambo moja tu silikubali: Nell anatabasamu, nami sikumsoma hivyo.

Fremu ndiyo iliyonisikitisha. Karatasi ilikuwa imegundishwa pande zote nne, hivyo mvua zilipoanza ikavuta unyevu, ikakosa nafasi ya kutanuka, ikafanya mawimbi. Fundi wa fremu wa mtaani kwetu aliibandua, akaishikiza kwa ukingo wa juu peke yake, na baada ya siku chache ikanyooka. Gharama hiyo niliibeba mwenyewe. Nimeitundika mahali jua lisipofika, maana rangi za maji hupauka.

Nimekwisha kumwagiza picha ya pili, ya kanisa la kijijini alikozikwa Nell, na safari hii nimemwomba aitume bila fremu.