Kompyuta mpakato za Rwanda au vishikwambi vya Tanga?

Rwanda ilianza kugawa kompyuta mpakato za XO, zilizoundwa kwa ajili ya watoto na mradi wa One Laptop per Child, mwaka 2008, na hatimaye zaidi ya 200,000 zikafika shule za msingi. Ni mashine imara: kibodi ya mpira isiyopitisha vumbi, kioo kinachosomeka hata juani. Mtoto anaandika, anachora, anapanga amri za kumtembeza kobe kwenye kioo. Lakini hayo yanadai umeme na mwalimu aliyeandaliwa, na shule nyingi za vijijini hazikuwa na umeme.

Tanga walianzia kwingine. Kuanzia mwishoni mwa 2017, Global Learning XPRIZE, shindano la kutengeneza programu za kumwezesha mtoto kujifunza kusoma mwenyewe, lilipeleka vishikwambi vya Google katika vijiji takriban 170, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Mwalimu hakuwepo. Michezo ilizungumza Kiswahili: mtoto anasikia sauti, anaigusa herufi yake, akikosea anarudia bila kuchekwa. Mwanzoni zaidi ya 90% ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Timu mbili, Kitkit School na onebillion, zikagawana ushindi mwaka 2019.

Kwa mtoto asiyejua kusoma nachagua kishikwambi, hasa kwa sababu ya lugha. Kompyuta mpakato ningempa wa darasa la tano, anayeweza kuandika habari yake mwenyewe. Ila wale waliobaki bila kusoma wananiuma sana. Hao wanahitaji mwalimu, na fedha za vifaa zisichotwe kwenye mshahara wake.